Waliokataa Kula

Tulipohamishiwa kijiji kipya kando ya barabara ya Lindi, mimi na mama tulipewa kiwanja cha mwisho kabisa, kinachopakana na banda la nyoka. Hakuna aliyekitaka. Sisi tulikuwa wanawake wawili tusio na wa kutusemea. Mama alikuwa mjane, na mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na talaka yangu, bila mtoto, nikiwa na miaka ishirini na mitano. Tulionyeshwa mipaka, tukashukuru, tukaanza kukata fito.

Banda lilikuwepo kabla ya kijiji. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kimatumbi kutoka milimani, Mkatoliki peke yake katikati yetu Waislamu, na watu walimwita Fundi. Kabla ya Uhuru alimfanyia kazi mgeni mmoja aliyekuwa akikamata nyoka na kuwapeleka ng'ambo. Mgeni alipofunga virago, Fundi alibaki na vizimba, na akajifunza mwenyewe kuzalisha chatu. Mara moja moja gari lilikuja kutoka Dar es Salaam kuwachukua wale watoto. Ilisemekana wanapelekwa kwenye bustani za wanyama nchi za mbali. Halmashauri ya kijiji ilipoliona gari hilo ikatangaza kwamba banda ni mradi wa kijiji, na kwamba mradi wa kijiji hauwezi kushikwa na mtu mmoja. Mimi nilikuwa nimefika darasa la nne, tena nilikuwa jirani. Nikapangiwa huko, nikaondolewa kwenye shamba la pamoja.

Mwenyekiti aliniita nje ya ofisi.

"Kazi yako ya kwanza ni kumsaidia," alisema. "Ya pili ni kuangalia. Mtu anayekaa na nyoka miaka yote hiyo kwa hiari yake ana jambo lake. Ukiona chochote, uje kwangu."

Asubuhi ya kwanza nilimkuta Fundi akisugua bakuli za maji. Nikamwamkia.

"Marahaba," alijibu bila kugeuka. "Wamekutuma?"

"Nimepangiwa kazi, mzee."

"Sikuuliza hivyo."

Akanipa ufagio.

Tuliishi hivyo wiki nyingi, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Alikuwa na chumba cha ndani alichowekea chatu wakubwa, na kila jioni kabla ya kufunga alinyunyiza majivu membamba kizingitini. Nilielewa maana yake siku ya tatu. Alitaka kujua kama kuna mguu uliopita. Sikumwambia kwamba nimeyaona majivu, lakini tangu hapo hata nilipokuwa na sababu ya kuingia nilimsubiri afike. Nyuma ya banda palikuwa na shimo lililojengewa mawe na kufunikwa wavu wa chuma. Humo alikaa swila mmoja mkubwa, yule nyoka anayetanua shingo na kutema mate machoni. Shimo hilo alilishughulikia mwenyewe. Mimi nilikatazwa hata kusogea.

Jike la chatu lilikuwa limelalia mayai. Lilijizungusha juu yake miezi karibu mitatu bila kula, na masika yalipoanza, mayai yakaanza kupasuka. Sikutegemea kupenda nilichokiona. Kitoto kinachana ganda kwa ndani, kinatoa kichwa, kisha kinakaa vivyo hivyo siku nzima, kinatutazama, kama mtu aliyefungua dirisha na hajaamua kama atatoka. Walikuwa thelathini na mmoja. Tukamweka kila mmoja katika kisanduku chake cha mbao chenye wavu, tukasubiri wajivue gamba la kwanza, ndipo tukaanza kuwapa vitoto vya panya.

Hapo ndipo kazi yangu ya kuandika ilipoanza. Kila kisanduku kilikuwa na mstari wake katika daftari. Aliyekula niliandika msumari, yaani kijistari cha wima. Aliyekataa niliandika duara. Watu wa gari hawakupokea mtoto asiyekuwa na misumari mitatu, kwa sababu chatu asiyekula nyumbani hufia safarini. Na mwenye maduara manne mfululizo, sheria ya Fundi ilikuwa moja tu.

"Huyo anatoka," alisema.

"Anatoka kwenda wapi, mzee?"

"Anapumzishwa. Nampiga kwa mgongo wa panga, mara moja. Hajui kilichompata. Kumwacha akauke kwa njaa miezi miwili, huo ndio ukatili, binti."

Maneno yale niliyaona ya haki. Kwetu hata kuku anayezungusha kichwa kwa ugonjwa anachinjwa kabla hajafa vibaya. Wiki ya nne walipatikana watano. Fundi aliwatia katika kikapu cha ukindu chenye kifuniko, akatoka nacho kwenda nyuma ya banda, na baada ya muda mfupi akarudi nacho kitupu. Nilimwambia nitamsaidia kuwazika. Akasema kazi hiyo si yangu. Nilipoinua macho niliona panga limening'inia ukutani pale pale lilipokuwa tangu asubuhi, na buibui ameshafunga uzi kati ya mpini na msumari.

Tangu siku ile sikuweza tena kumsikiliza Fundi bila kupima kila neno.

Haukupita muda, mwanamke mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, muuza vitumbua, alikuta chatu mdogo amejikunja katika kihenge chake cha mtama. Alimwua, akamleta ofisini juu ya ungo. Halmashauri ikaitisha mkutano katika darasa la shule. Watu wazima tulibanana kwenye madawati ya watoto, na yule nyoka akawekwa mezani mbele ya mwenyekiti.

"Siasa yetu inasema asiyefanya kazi asile," mwenyekiti alianza. "Sasa tumwulize mzee wetu. Huko kwako, asiyekula anafanywa nini?"

Watu walicheka. Fundi hakucheka.

"Anauawa," alisema.

"Na huyu hapa?"

"Huyu si wangu. Huyu ni wa porini. Porini wamejaa."

"Unamtambuaje?"

Fundi aliinama, akamtazama yule nyoka, akarudi kukaa. Hata mimi sikuona kinachomtofautisha yule wa mezani na wale wetu. Muuza vitumbua alisimama, akasema kwamba mtu asiyeswali nao, anayekaa na nyoka, akila nao na kulala nao, anaweza kuwatuma popote. Wengine wakaitikia chini chini. Ndipo mwenyekiti akanigeukia.

"Wewe ndiye mwenye daftari. Hao waliokataa kula, umewaona wakiuawa?"

Darasa zima likageuka. Niliwaza kwa haraka: nikisema sikuona, mzee huyu hatalala salama leo, na mimi niliyekuwa naye nitafuata.

"Nimeona," nikasema.

"Kwa kitu gani? Kwa fimbo?"

"Kwa panga."

Mkutano ukaisha kwa onyo. Fundi alitembea mbele yangu njia nzima bila kusema. Tulipofika mlangoni aligeuka.

"Kwa nini umesema uongo?"

"Nimesema ulichoniambia."

"Nilichokuambia na ulichokiona ni vitu viwili," alisema, akaingia, akafunga.

Nilisimama nje, jua likiwaka. Maana yake ni kwamba hakukuwa na panga. Mtu huyu alikuwa amekubali mwenyewe, na sasa uongo wake ulikuwa wangu pia. Niliona jambo moja tu linalowezekana: anawaachia. Anawatoa nyuma ya banda mmoja mmoja na kuwaacha wapotee kwenye nyasi, ama kwa huruma ama kwa kutulipiza sisi tuliomzingira na vibanda vyetu. Siku iliyofuata alipokwenda kuchota maji nilizunguka nyuma. Hapakuwa na damu, hapakuwa na udongo uliofukuliwa, wala njia iliyokanyagwa kuelekea vichakani. Palikuwa na jiwe tambarare kando ya shimo la swila, na juu ya jiwe alama ya mviringo ya kitako cha kikapu.

Sikuunganisha bado, au niseme sikutaka.

Wiki ileile wawili zaidi walifikisha duara la nne. Fundi aliwatia kikapuni, kisha akaitwa barabarani na mtu aliyemletea panya. Sikupanga. Nilifungua kifuniko, nikawafunga wote wawili katika upindo wa khanga yangu, nikarudisha kifuniko, nikaendelea kufagia. Nilimwona akirudi, akikiinua kikapu, akisimama kidogo. Akatoka nacho nyuma kama kawaida, akarudi. Kule kutoniuliza kitu kulinitisha zaidi.

Nyumbani niliwatia katika chungu cha zamani, nikakifunika kwa kipande cha wavu. Mama aliingia jikoni akanikuta.

"Hao ni nini?"

"Ni wale wasiokula. Walikuwa wanakwenda kuuawa."

"Nani kawahukumu?"

"Hawali, mama."

Mama alikaa kwenye kibao cha mbuzi akakitazama chungu. Nilijua anachokiwaza, ingawa tangu nikiwa mdogo alikuwa amenieleza mara moja tu. Mimi nilikuwa kigego. Niliota meno ya juu kwanza, na kwao baba, bara ya Tingi, wanawake wazima walikaa kikao wakaamua kwamba mtoto wa namna hiyo hafai kulelewa, huwamaliza ndugu mmoja baada ya mwingine. Mama alinibeba mgongoni alfajiri kama anayekwenda kutafuta kuni, akatembea siku mbili mpaka pwani kwa dada yake, hakurudi tena. Baba alitufuata baadaye. Baba alipofariki, mama alisema hakuna aliyemwambia neno usoni, lakini kila mkono aliopewa kwenye matanga ulikuwa mlegevu, wa mtu anayeona kigego ameanza na baba.

"Weka chungu mbali na kuku," alisema hatimaye, akainuka.

Nilianza kuwabembeleza wale wawili. Niliwapa kitoto cha panya, wakakikwepa. Nikawaacha nacho gizani, chungu kikiwa kimefunikwa gunia, na wapi. Ndipo nikakumbuka kwamba porini mtoto wa chatu hakuti panya aliyekwisha kukamatwa. Hula anachokipata, ndege, mjusi. Nikachukua kitoto cha panya, nikakisugua kwa manyoya ya kifaranga mpaka kikanuka kuku, nikakiweka. Yule mkubwa kidogo alitoa ulimi mara nyingi, akatulia, kisha akakidaka na kujizungusha. Alikuwa na maduara manne, na alikuwa anakula.

Mwingine hakula. Nilimjaribu kwa harufu ya kuku, kwa mkia wa mjusi, kwa kila nilichokisikia na nilichokibuni. Nilipomtandaza mkononi niliona mgongo wake una pindo karibu na mkia, kama uzi uliofungwa fundo. Wiki ya kwanza nilijiambia atakula kesho. Wiki ya tatu ngozi ilianza kujikunja kwa urefu, na uti wa mgongo ukachomoza. Wiki ya tano alikuwa anatembea na kichwa juu, mdomo wazi, akikizunguka chungu kwa ndani, akikizunguka, bila kupumzika. Nilikuwa nasikia mkwaruzo wake ninapopika. Mama alianza kupikia nje.

Muuza vitumbua naye alipotewa na vifaranga viwili. Alikuja uani kwetu kuomba moto, na macho yake yakaenda moja kwa moja jikoni. Aliuliza siku hizi mbona hatumkaribishi ndani. Mama alimpa kaa la moto akiwa amesimama mlangoni, akamsindikiza mpaka njiani.

Fundi alibisha hodi Ijumaa mchana, wanaume wakiwa msikitini. Hakuwahi kuingia kwetu. Mama alimkaribisha, akamwekea mkeka, akatuacha.

"Naomba nione wale wawili, binti."

Sikukana. Nilileta chungu, nikafungua. Alimwinua yule aliyekuwa akila, ambaye sasa alikuwa ameshiba na ngozi inang'aa, akamgeuza, akamrudisha. Kisha akamwinua yule wa pili, naye alining'inia kwenye vidole vyake kama kamba.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Kikapu kina uzito wake. Nilidhani umempelekea mwenyekiti kama ushahidi. Nimekaa wiki zote hizi nikisubiri kuitwa. Sikuitwa, nikajua unao."

"Na mimi nilidhani unawaachia kijijini."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Niwaachie? Ili watu waje kunichomea banda?"

"Basi unawapeleka wapi, mzee? Panga halijawahi kutoka ukutani."

Alimrudisha yule mgonjwa chunguni taratibu.

"Nampa swila. Swila hula nyoka."

"Wakiwa hai?"

"Wakiwa hai."

"Ulisema ni mara moja. Ulisema hajui kilichompata."

"Yule mgeni wangu aliwapiga kwa mkono wake, hakukosea. Alipoondoka nikajaribu. Nikapiga vibaya, na kile kitoto kikaishi mpaka jioni. Mkono wangu haukukubali tena. Swila ana sumu. Anauma mara moja, inakwisha upesi."

"Upesi kiasi gani?"

"Sijui," alisema. "Nawashusha, nafunika, naondoka. Sijawahi kutazama."

Nilikuwa na hasira, na nilitaka kumwambia kwamba mwoga amemkabidhi muuaji watoto ili mikono yake ibaki safi. Lakini chungu kilikuwa kati yetu, na ndani yake yule wangu alikuwa ameanza tena kuzunguka. Mimi nilikuwa nimemtazama kila siku kwa wiki tano, na kutazama kwangu hakukumfaa kitu. Angekuwa amekufa zamani, hata kwa meno ya swila. Nilimzuia asife, na nikaita huko kumwokoa.

"Huyu hatakula," nikasema.

"Hatakula. Mgongo umevunjika tangu kwenye yai. Nilimwona siku ya kwanza. Ningekuambia, kama ningekuamini."

Nilimchukua nikatoka naye uani. Nilimlaza kwenye jiwe la kusagia, nikashika kichwa chake kwa kijiti, nikaomba kwa jina la Mungu, nikapiga kwa mchi. Ilitosha mara moja. Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu, ameuelekea ukuta.

Tulimpeleka yule aliyekufa kwenye shimo. Fundi akafunua wavu, nami kwa mara ya kwanza nikamwona swila karibu, mweusi, mnene kuliko alivyostahili kuwa. Alimnusa kwa ulimi, akammeza kuanzia kichwani bila kujali kwamba hapumui. Fundi alitazama mpaka mwisho. Alikaa juu ya lile jiwe tambarare na kofia yake mkononi.

"Kumbe angewala hata wakiwa wamekufa," alisema. "Miaka yote hii."

Uzao uliofuata tulibadili sheria. Duara la nne halikuwa tena hukumu. Lilikuwa mwanzo wa kujaribu, kwa harufu ya kuku, kwa mjusi, kwa giza. Kumi na mmoja walikataa, na saba kati yao wakaishia kula. Wanne niliwaua mimi, na swila akawapata baadaye. Sitasema nilizoea. Nilijifunza tu kutochelewa.

Ila wale saba walikula kwa kuchelewa, wakabaki wadogo, na watu wa gari walipowaona hawakuwataka, pamoja na yule wangu wa kwanza. Hatukuwa na panya wa kuwalisha wote wanane. Fundi aliuliza nina shauri gani. Nilikuwa nalo, na sikulipenda. Tuliwatia katika gunia, tukatembea tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, tukafika msitu wa miti ya mitondo usio na shamba wala nyumba, tukafungua mdomo wa gunia. Jambo lile lile ambalo kijiji kilimshuku nalo, na ambalo yeye hakuwahi kulifanya, tukalifanya sisi wawili baada ya mimi kumhurumia kila asiyekula. Kurudi tulipita njia tofauti, mmoja mmoja.

Mwenyekiti aliniuliza mara moja tukikutana kwenye bomba la maji.

"Bado unaangalia?"

"Naangalia."

"Umeona nini?"

"Nyoka," nikasema.

Aliendelea kujaza ndoo yake. Sikujua alichoamini, na sijajua mpaka leo.

Gari halikuja msimu uliofuata, wala mwingine. Halmashauri ikaona mradi hauna faida, ikaagiza banda livunjwe paanzishwe kitalu cha mikorosho. Swila alikuwa ameshakufa kwa uzee. Chatu wakubwa walichukuliwa na watu wa wanyamapori. Fundi alifunga mzigo wake, ukawa mdogo kiasi cha kubebwa na mkono mmoja, akaja kutuaga. Mama alimpa mihogo mikavu ya njiani. Nilimsindikiza mpaka barabarani kusubiri lori la kwenda Kilwa.

"Wale wanne," alisema, "yupo uliyemwonea?"

"Sijui, mzee. Labda mmoja alikuwa anataka wiki moja zaidi."

Alitikisa kichwa. "Mimi hata idadi yao siijui. Daftari lilianza na wewe."

Lori lilipofika alipanda nyuma, akakaa juu ya magunia, akavuta kofia kuzuia vumbi. Mimi nilirudi kuvunja banda pamoja na wenzangu. Mbao za visanduku ziligawiwa, na muuza vitumbua akaomba za kwake apate kujengea banda la kuku. Nikamchagulia zilizo nzima.